Bafu la Wodi ya Magharibi

Mwezi wa pili mwaka huu tulimuaga mwalimu wangu wa uuguzi, Bwana Pargeter, kwenye kikanisa kidogo cha mahali pa kuchomea maiti kaskazini mwa London. Tulikuwa wachache. Aliishi miaka mingi hata waliomjua wakatangulia. Binti yake alinipigia simu wiki moja kabla, akasema baba alikuwa akinitaja sana siku za mwisho, je, ningeweza kusema maneno mawili. Nikasimama mbele ya jeneza na koti langu la baridi, nikasema alikuwa mwalimu mzuri na mtu mkweli, nikaketi. Watu wakaitikia kwa vichwa. Baadaye tulipewa chai na vipande vya keki kwenye chumba cha pembeni, tukazungumza habari za mvua. Ndani ya basi nikirudi nyumbani Edmonton, nikiwa nimeegemea dirisha, nikaona kwamba sikusema lolote. Mambo ambayo Bwana Pargeter alinifanyia, au tuseme aliyofanya siku moja tu nikiwa pale, hayasimuliki kwa dakika chache, na hayafai kusimuliwa watu wakiwa wameshika keki. Yanaanza na bafu.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, mwanafunzi wa uuguzi, nimetoka Muheza, Tanga, na sanduku moja na sweta mbili ambazo zote hazikufaa kitu. Hospitali ile siitaji jina, na haipo tena. Majengo yake yamegeuzwa kuwa nyumba za watu wenye nafasi, na kwenye tangazo wameandika kwamba dari ziko juu na mwanga ni mwingi. Ni kweli, dari zilikuwa juu, na ndiyo maana hapakuwahi kupata joto. Ilijengwa zama za Malkia Victoria juu ya kilima, mbali na nyumba za watu, ina mnara wa maji, kanisa lake, shamba lake, na makaburi yake nyuma ya miti. Ukiiona kwa mbali kutoka kituo cha treni ungedhani ni kasri la mfalme fulani. Ukiingia ulikuta korido moja ndefu isiyo na mwisho, sakafu ya mawe, na harufu ya kabichi iliyochemshwa ikichanganyika na mkojo na nta ya kusugulia sakafu. Harufu hiyo ilikaa kwenye nywele. Nilikuwa nikisuka upya kila Jumamosi na bado nikaisikia kwenye mto.

Bwana Pargeter alitufundisha kwenye chumba kilichokuwa zamani cha kushonea, kina jiko la mafuta lililotoa moshi kuliko joto. Alikuwa mrefu, bega moja limeshuka, anavaa koti lilelile la kahawia siku zote. Wanafunzi wengine walimwona mchoshi kwa sababu kabla ya kutufundisha kupima shinikizo la damu alitufundisha historia. Alisema mtu asianze kumshika mgonjwa mkono kabla hajajua ni nani analipia ukuta unaomzunguka. Zamani, alituambia, maskini aliyerukwa na akili alitupwa kwenye nyumba ya mafukara ya parokia, au aliwekwa kwa watu binafsi waliofuga wagonjwa kwa faida. Bunge likaona aibu, likatunga sheria kwamba kila jimbo lijenge nyumba ya kuwatunza. Lakini sheria haikuja na fedha. Fedha zilitoka kwenye kodi ya wenye majumba na mashamba wa jimbo lilelile, nao walinung'unikia kila tofali. Basi wakajenga mnara ambao kila mpita njia atauona, wakabana kwenye supu ambayo hakuna atakayeionja. Serikali ikateua wakaguzi, wanasheria na madaktari, wakawa wanazunguka nchi nzima kwa treni na magari ya farasi. Waliweza kufungua mlango wowote, kuonja chakula, kuzungumza na mgonjwa yeyote, na kuandika walichokiona.

"Lakini kuona ni jambo moja," alisema Bwana Pargeter, "na mfuko ni jambo jingine. Mkaguzi aliandika kwamba paa linavuja. Kamati ya jimbo, yenye mfuko, ikasoma, ikashukuru, ikaendelea na chakula cha mchana. Baadaye serikali kuu nayo ikaanza kuchangia kidogo kwa kila maskini anayeletwa huku. Mnadhani nini kilitokea?"

Akajijibu mwenyewe.

"Parokia zikaona afadhali. Wazee waliokuwa wamechoka tu, waliosahau majina yao, wakatolewa kwenye nyumba za mafukara wakaletwa huku. Vyumba vilivyojengwa kwa watu wachache vikajaa, na havikupungua tena."

Msichana mmoja wa Ireland, Bridie, ambaye tulikaa chumba kimoja, akauliza, "Na siku hizi mfuko uko kwa nani?"

Mwalimu akageuka kufuta ubao. "Endelea kuuliza hivyo," akasema. "Uliza kila mwaka."

Wakati ule nilidhani ni mzee anayependa mambo ya kale. Sasa nimefanya kazi kwenye nyumba za wazee Edmonton hadi nimestaafu, nimeona halmashauri ikikata hiki na kile, nimeona wakaguzi wanaopiga simu kwanza ndipo waje, na kila mara nilimsikia akifuta ubao.

Nilipangiwa Wodi ya Magharibi, wodi ya wanawake waliokaa muda mrefu. Wengine waliingia wakiwa wasichana na sasa walikuwa na mvi. Vitanda vilikaribiana hata mtu akijigeuza anamgusa mwenzake. Kwenye chumba cha mchana viti vilipangwa kando ya kuta, migongo ukutani, na wanawake wakakaa hapo wakitazama katikati ambapo hapakuwa na kitu. Hakuna aliyekuwa na nguo yake. Asubuhi toroli lilipita na magauni ya wote, ukavalishwa lililokutosha kiasi. Chai ilipikwa na maziwa na sukari ndani ya birika moja kubwa la bati, anayetaka sukari na asiyetaka wote walikunywa ileile. Mchana ilikuwa nyama ya kusaga ya rangi ya kijivu, viazi vilivyopondwa, kisha kastadi yenye ngozi juu. Mkuu wa wodi alikuwa Sista Braddock, mwanamke mwembamba mwenye miguu iliyovimba, aliyeanza kazi pale akiwa msichana kama mimi. Alijua nani anaogopa radi na nani hapendi karoti. Alikuwa na wauguzi wachache mno, na siku nyingine yeye mwenyewe alisugua sakafu. Nasema haya mapema ili mtu asimchukie haraka.

Siku ya kuoga niliwekwa na msaidizi mmoja anayeitwa Maureen, mwanamke mpole mwenye kikohozi. Wanawake walipangwa kwenye benchi nje ya bafu wakiwa wamejifunga taulo. Mmoja wao, mwanamke wa Kihindi, mdogo wa umbo, nywele zimekatwa ovyo kama za mvulana, alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili na akaanza kulia kwa sauti nyembamba. Maureen akanyanyua mabega.

"Ndivyo alivyo kila siku ya kuoga, tangu wakati wa baridi uliopita," akaniambia. "Hana lugha huyu. Walimletea daktari wa Kihindi azungumze naye, hakutoka na kitu. Alisema ni sauti tu."

Nikaanza kumbandua vidole kimoja kimoja, kwa upole, kama nilivyofundishwa. Yeye akawa anasema, anasema, bila kunitazama.

"Maji moto. Maji moto hayo. Wamempika. Wamempika mtoto wa watu."

Sikutambua mara moja kwamba nimeelewa. Maneno yaliingia tu, kama mtu anapokuita kutoka jikoni. Kisha mikono yangu ikasimama.

"Nani kapikwa, mama?" nikamuuliza.

Akanitazama mdomo kwanza, halafu macho.

"Wewe nani?"

"Naitwa Agnes. Natoka Muheza."

"Muheza ya machungwa?"

"Hiyohiyo."

Akaachia mlango. Maureen alikuwa amesimama na sabuni mkononi, ananitazama kama kwamba mimi ndiye nimeanza kuumwa.

Aliitwa Bi Gulbanu. Alizaliwa Tanga, akalelewa Tanga, na mumewe alikuwa na duka la vitambaa Ngamiani. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, Kiswahili cha mtu aliyelelewa na majirani. Alizungumza Kikachi pia, lugha ya wazazi wake wa Kihindi, lakini tangu aumwe kilimtoka mara chache, na yule daktari aliyeletwa alikuwa Mpunjabi, mwenye lugha nyingine kabisa. Walihamia hapa Uingereza baada ya mambo ya biashara kuharibika nyumbani, wakakaa Stanmore kwa mtoto wao. Mwaka wa pili mume akafa. Bi Gulbanu akaacha kula, akawa anatoka nyumbani asubuhi na nguo za kulalia akitafuta duka lao, anagonga milango ya watu akiuliza Ngamiani iko wapi. Wakamleta hospitali. Wakampa vidonge na umeme wa kichwa. Mtoto wake alikuja kumwona, kisha akaja kwa nadra, kisha hakuja.

Haya alinieleza kwa vipande, wiki kadhaa, nikimchana nywele au nikimlisha. Nilikuwa nikinunua tangawizi kwenye duka la Mhindi mmoja Wembley, naiparuza, naificha kwenye kitambaa, naitia kwenye kikombe chake cha ile chai ya birika. Aliinusa kwanza kwa muda mrefu ndipo akanywa. Siku moja, kikombe kikiwa bado mikononi, akanieleza habari za Ivy.

Ivy alikuwa Mwingereza, kitanda chake kikiwa jirani na cha Bi Gulbanu. Aliletwa pale akiwa msichana kwa sababu alizaa bila mume. Mtoto akachukuliwa, yeye akabaki hadi uzeeni. Hawakuwa na lugha moja hata kidogo, lakini Ivy alimfunga vifungo vya mgongoni kila asubuhi, na Bi Gulbanu alimpa kastadi yake kwa sababu hakuipenda. Ndio urafiki wenyewe. Bafu la wodi lilikuwa na bomba la zamani. Maji ya moto yalikuja moja kwa moja kutoka chumba cha mitambo, na ya baridi siku nyingine hayana nguvu. Asubuhi ile Sista mwenyewe alikuwa anaogesha kwa sababu wauguzi wawili hawakufika. Alifungua maji ya moto, akamwambia Ivy ajitayarishe kuingia. Mara mgonjwa akaanguka chumba cha mchana, kelele zikapigwa, Sista akatoka mbio.

"Aliambiwa aingie, akaingia," Bi Gulbanu alisema. "Miaka yote ile wamemfundisha kutii. Mimi nilikuwa mlangoni na taulo langu. Nikamwambia toka, Ivy, toka. Nikapiga kelele. Nani alinisikia? Walinisikia, wakasema huyu kaanza tena."

Ivy alikufa siku chache baadaye kwenye chumba cha wagonjwa mahututi cha hospitali ileile. Ikasemwa ni moyo. Hakuwa na ndugu wa kuuliza, na alizikwa nyuma ya miti.

Sikulala vizuri. Nilimweleza Bridie, naye akasema mimi ni mwanafunzi, nikae kimya hadi nipate cheti. Alisema kwa kunipenda. Nikaenda kwa Sista Braddock kwanza, maana nilifikiri ni haki yake kuambiwa na mimi kabla ya mtu mwingine. Nilimkuta kwenye chumba cha mashuka, amekaa, amevua kiatu kimoja. Nikamwambia Bi Gulbanu ana lugha, na amesema nini kwa lugha hiyo. Hakukana. Akakisugua kifundo cha mguu kwa muda.

"Bomba lile," akasema, "nimeliomba libadilishwe tangu wewe hujaanza shule. Kila mwaka naliomba. Kila mwaka wanasema mwaka ujao. Sasa wanasema hospitali itafungwa, kwa nini waweke bomba jipya kwenye nyumba inayofungwa?"

"Lakini Ivy, Sista."

"Nilimjua Ivy kabla mama yako hajakuzaa." Akavaa kiatu. "Ukisema, watanitoa mimi, watamleta mwingine asiyejua hata majina yao. Bomba litabaki. Fikiri juu ya hilo."

Nilifikiri. Ni kweli kwamba Sista alikuwa akilia aliposema hayo, na ni kweli kwamba alikuwa ananitisha, na bado siwezi kusema lipi lilikuwa kubwa. Kesho yake nikaenda kwa Bwana Pargeter baada ya somo, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Alinisikiliza huku akiliwasha na kulizima lile jiko la mafuta. Mwisho akaniuliza kama nina uhakika wa maneno yenyewe. Nikamwambia ndiyo, ni lugha yangu.

"Wakaguzi wa serikali wanakuja mwezi ujao," akasema. "Sitakuambia useme wala usiseme. Nitakuambia tu kwamba mgonjwa ana haki ya kuonana na mkaguzi peke yake, na asiyejua Kiingereza ana haki ya mtu wa kumtafsiria. Mtu yeyote akiwazuia, njoo uniite. Nitakuwa hapahapa."

Wiki ya ukaguzi wodi iligeuka. Mapazia ya maua yakatoka stoo ambako nilikuwa sijui kama yapo. Vitambaa vya meza vikatandikwa. Vitanda kadhaa vikatolewa vikapelekwa kwenye jengo tupu, ili nafasi ionekane. Siku yenyewe mchana palikuwa na kuku wa kuoka, na siagi, na chai ikaletwa kwenye vibuli vidogo na sukari pembeni. Mwanamke mmoja alilitazama bakuli la sukari akaogopa kuligusa. Na asubuhi ya siku hiyo basi la hospitali likasimama mlangoni kuwapeleka baadhi ya wagonjwa matembezini, ufukweni, mwezi wa kumi, kwenye upepo ule. Waliochaguliwa ni wanaopiga kelele, wanaojivua nguo, na Bi Gulbanu. Nilimwona akipandishwa na Maureen, amevalishwa kofia ya sufu ya mtu mwingine.

Nilikimbia ile korido yote. Bwana Pargeter alikuwa na darasa. Hakuniuliza kitu, aliweka chaki, akatoka jinsi alivyo, koti wazi, akitembea kwa haraka ambayo sikujua anayo. Basi lilikuwa limeshawasha injini. Akagonga mlango kwa kiganja, akapanda, na mimi nyuma yake. Meneja mmoja wa utawala alikuwa amesimama nje, akaanza kusema kwamba mipango imeshapangwa.

"Huyu haendi," akasema Bwana Pargeter, na akampa Bi Gulbanu mkono kama anavyopewa mkono bibi mkubwa anayeshuka garini. "Ana mgeni leo."

Yule meneja akamwita kwa jina lake la kwanza, kwa sauti ya chini, akamwambia afikirie pensheni yake. Bwana Pargeter akamsaidia Bi Gulbanu ngazi ya mwisho. "Nimeifikiria," akasema. Ndiyo hayo tu. Hakuwahi kupandishwa cheo baada ya siku ile.

Mkaguzi aliyetusikiliza alikuwa mwanasheria, Bi Hallam, mwanamke wa makamo mwenye miwani yenye kamba shingoni. Tulikaa chumba cha mashuka, watatu, mlango umefungwa. Bi Gulbanu alivua ile kofia, akaiweka magotini, akaeleza tangu mwanzo kwa mpangilio, akisimama kila baada ya sentensi kunipa nafasi. Bi Hallam alimwuliza maswali ya haki. Nani alikuwapo. Saa ya asubuhi au mchana. Mwisho akaniambia, "Muulize anajuaje kwamba ni maji yaliyomuua, si moyo."

Nikamuuliza. Bi Gulbanu akamtazama yule mzungu kwa huruma fulani.

"Mwambie, yeye akitaka kumenya nyanya, ngozi itoke yenyewe, anafanyaje?"

Nikatafsiri. Bi Hallam akaweka kalamu chini.

Nataka kuwa mwadilifu kwake. Alifanya alichoweza. Alirudi baada ya wiki moja bila kuarifu, akaliendea lile bafu, akatia kipimajoto ndani ya maji mwenyewe. Kifo cha Ivy kikafunguliwa upya na afisa wa serikali anayechunguza vifo vya mashaka. Wakajadili kama ushahidi wa mgonjwa wa akili unafaa, na kama mwanafunzi mgeni anafaa kuwa mkalimani, kisha wakapata msaidizi mmoja aliyekuwa ameuona mwili wa Ivy, naye akasema alichokiona. Ikaamuliwa ni ajali. Sista Braddock akastaafu. Siku yake ya mwisho alipita kitanda kwa kitanda akiwaaga wanawake kwa majina, na mimi akanipita. Bi Hallam na wenzake wakaandika kwamba bafu lile ni hatari na lazima lirekebishwe.

Halikurekebishwa. Walikuwa na haki ya kuandika. Mfuko ulikuwa kwingine, na wenye mfuko walisema hawawezi kutia fedha kwenye jengo litakalofungwa. Badala yake walilifunga bafu kwa kufuli. Kuanzia mwezi wa kumi na mbili wanawake wa Wodi ya Magharibi walipelekwa kuoga Wodi ya Mashariki, upande wa pili wa ile korido, wakiwa na taulo na blanketi begani, na kurudishwa hivyohivyo, wamelowa, kwenye sakafu ya mawe na madirisha ambayo vioo vyake vingine vilikuwa vimezibwa kwa mbao. Tulikuwa tunawasukuma kwenye viti kwa haraka kadiri tulivyoweza. Wanawake wale hawakulalamika, walikuwa wamezoea. Nilikwenda tena kwa Bwana Pargeter. Alikuwa ameshakwenda utawala mara mbili na mara ya pili hawakumfungulia.

"Wameona," akaniambia. "Hilo ndilo tulilopata, Agnes. Wameona, na imeandikwa."

"Haitoshi."

"Haitoshi," akakubali. Hakujaribu kunifariji, na nadhani ndiyo sababu nilibaki kwenye kazi hii.

Bi Gulbanu alianza kukohoa baada ya mwaka mpya. Kwanza kikavu, kisha kifua kikajaa. Nilimletea tangawizi, nikamsugua mgongo, daktari akampa sindano. Alikuwa ameacha kulia siku za kuoga. Alikwenda na blanketi lake akinishika mkono, na njiani alikuwa anamwombea Ivy kwa sauti ya chini, Fatiha, akipuliza hewa mbele kama moshi. Wiki ya mwisho alikuwa ananiita kwa jina la jirani yake wa Ngamiani, akiniuliza kama wameshafungua maduka. Nilimwambia wamefungua. Alifariki asubuhi, chai ikiwa inapita, katika kitanda chake kilekile, na cha Ivy kikiwa na mtu mwingine.

Mtoto wake alikuja siku iliyofuata. Tulikuwa tumempigia simu tangu kikohozi kilipoanza, naye alisema atajitahidi. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, ana duka la dawa, amevaa koti la mvua la gharama na amebeba mfuko wa plastiki uliokunjwa vizuri. Alizungumza Kiingereza. Alisema jamaa zake watakuja kuchukua mwili, yeye amekuja kuchukua vitu vya mama. Ikabidi nimwambie hakuna. Nguo alizovaa ni za wodi, kitana ni cha wodi. Alisimama akautazama mfuko wake.

"Alikuwa hazungumzi," akasema. "Waliniambia hazungumzi tena. Ndiyo maana nilikuwa... Ukikaa na mtu asiyezungumza, unakaa kufanya nini?"

"Alizungumza," nikamwambia.

"Lugha gani?"

Nikamjibu kwa Kiswahili. Uso wake ukabadilika, ukawa wa mtoto. Alikaa kwenye kimojawapo cha vile viti vya ukutani, katikati ya wanawake, na nikamweleza mama yake alifanya nini mwaka ule: alichokiona, aliyemwambia, nyanya, yote. Alifuata kwa shida, mara mbili aliniomba nirudie neno. Nilipomaliza akaniuliza, kwa Kiswahili kilichopata kutu, kama alimtaja yeye.

Nilikuwa nimechoka na watu wanaodanganya kwa huruma. "Mara moja," nikasema. "Aliniuliza kama kuna mtu anakuchemshia maziwa unapoumwa. Nikamwambia sijui."

Akatikisa kichwa polepole. Kisha akasimama, akauliza yule Ivy kazikwa wapi.

Nilimpeleka mwenyewe. Tulipita nyuma ya jiko, nyuma ya miti, tukatokea kwenye kiwanja cha nyasi ndefu zilizoganda barafu. Hapakuwa na mawe ya kaburi, ila vijiti vya chuma, na cha Ivy nilikijua kwa sababu Maureen aliwahi kunionyesha. Hakuwahi kumwona mwanamke yule. Alinikabidhi mfuko nimshikie, akakunjua viganja vyake kwenye upepo, akasoma kile alichokuwa akisoma mama yake, hadi mwisho, na mimi nikasimama pembeni yake, Mkristo wa Muheza, nikisubiri niseme amina.